Pilau ya Kisima cha Sultani

Palikuwa na Sultani katika mji wa Mwangoni, jina lake Harith bin Khelef bin Nasor. Na litajwe lote, maana ndivyo alivyolichonga kwenye jiwe la kisima. Kisima chenyewe kilikuwa mradi wa wafadhili wa ng'ambo. Wao walileta vifaa na mafundi. Sultani alileta ratiba. Ratiba ilisema uchimbaji utakwisha mwezi wa Mfungo Tano. Mfungo Tano ulipokwisha, uchimbaji nao ukakwisha, pima kumi na mbili chini, juu ya mwamba mkavu kama kigae. Kikajengewa ukuta, kikapakwa chokaa, kikatiwa kamba mpya. Ripoti ikapelekwa ng'ambo: kisima kimekamilika.

Wafadhili wakajibu kwamba wanakuja kukiona.

Sultani hakutishika. Desturi ya Mwangoni ni mgeni kula kwanza, naye alitumaini kwamba wakishashiba hawatainama kuchungulia. Akamwita Bi Mwanamtama binti Jecha, mpishi wa Kichangani. Si yule Mwanamtama muuza udi. Huyu miguu ilikuwa ikimuuma bado, maana alfajiri ile alikwenda na mtungi hadi Mto Kidundu na kurudi, kama wanawake wote wa mtaa wake.

"Utawapikia wageni pilau," Sultani akamwambia.

"Nitapika, Seyyid. Kwa maji gani?"

"Ya kisima kipya. Ukitia tone la pengine, nyumba yako naibomoa, nijenge ofisi ya mradi."

"Kisima kina maji, Seyyid?"

"Kimekamilika."

"Hilo nimelisikia. Nauliza maji."

"Bibi wee! Unabishana na ripoti?"

"Mimi ripoti siijui, Seyyid. Mimi natazama ndoo."

"Basi tazama nyumba yako. Askari wawili watakusimamia."

Bi Mwanamtama akaondoka. Nyumba ile aliachiwa na mumewe, vyumba viwili na kibaraza. Njiani hasira ilimpanda. Alipofika kwake alikuwa anacheka.

Siku ikafika. Asubuhi, askari wakishuhudia, alitia mchele sufuriani, na nyama, na iliki, na karafuu. Akateremsha ndoo kisimani. Ikagonga mwamba, ngo! Akaipandisha, akaimimina sufuriani kwa adabu zote, akafunika, akakoka moto mdogo sana wenye moshi mwingi sana.

Adhuhuri wageni walikaa mkekani. Mkuu wao, Bwana Hendriks, aliyejua Kiswahili kuliko Sultani alivyopenda, alikunja mikono ya shati. Sinia likaja limefunikwa kawa. Sultani mwenyewe akalifunua.

Punje zilikuwa nyeupe, ngumu kama changarawe. Bwana Hendriks akatafuna moja. Ka!

"Mwanamke!" Sultani akanguruma. "Umepika nini?"

"Pilau, Seyyid. Kwa maji ya kisima chako, wala sikutia tone la pengine. Waulize askari wako."

Askari wakatazama vidole vya miguu yao.

"Hii si pilau! Hii haijaiva!"

"Imekamilika, Seyyid," akasema Bi Mwanamtama, akamsogezea Bwana Hendriks sinia. "Na kama unaona imepungukiwa na kitu, kitaje hapa hapa, wageni wasikie."