Mjumbe Aliyeutaja Mji Wake Mwisho

Wamesimulia waliotutangulia, na ajuaye zaidi ni Mwenyezi Mungu, kwamba katika bonde moja kavu palikuwa na miji minne iliyokunywa maji ya mfereji mmoja. Mfereji ule ulianzia kwenye bwawa la Amiri Jundub, huko juu milimani, na lango la maji lilikuwa mkononi mwake. Kila mwaka kila mji ulimpelekea mjumbe wake. Amiri akimwambia wa kwanza, "Wenzako wameshakubali siku mbili za maji kwa mwezi." Wa pili naye akiambiwa hivyo hivyo, na wa tatu, na wa nne. Maskini wale wakirudi makwao, kila mmoja akiwalaani majirani kwa jambo ambalo hawakulifanya.

Mwisho wakachoka. Wazee wa miji yote wakakutana msikitini, wakala kiapo kwamba hakuna mji utakaotuma mtu wake peke yake tena. Atasema mmoja kwa niaba ya wote. Kiapo kilikuwa chepesi. Shida ilikuwa kumpata huyo mmoja. Kila aliyetajwa, miji mitatu iliguna kwamba atapendelea kwao.

Ndipo aliposimama Rafii bin Wadhah, mtengeneza matandiko ya ngamia, mtu wa Sarha, mji wa mwisho kabisa kufikiwa na mfereji. Alikuwa mcha Mungu na si msemaji sana. "Nitumeni mimi," akasema, "kwa sharti kwamba nitazitaja haja zenu kwanza, na ya Sarha nitaitaja mwisho." Wakaridhika. Hakujua, Mwenyezi Mungu amrehemu, sharti lile lingemgharimu nini.

Mwaka huo visima vya Sarha vilikuwa vimebaki tope. Mama yake Rafii, bibi kizee asiyeona, alikuwa akichujiwa maji kwa kitambaa. Watu walikuwa wameshaafikiana kwamba mwezi ukiandama na maji hayajafika, watauhama mji wa babu zao.

Rafii akafika kwa Amiri. Amiri alikuwa mwerevu, na habari za sharti zilikwisha kumfikia. Akamkaribisha kwa heshima, akamkalisha karibu naye, kisha akasema kwa upole, "Ewe Rafii, mwaka huu maji ni haba. Nitasikiliza haja tatu tu. Anza na Sarha, nami nitawapa siku kumi. Katika ile miji mingine, chagua mmoja usubiri mpaka mwakani."

Rafii alimwona moyoni mama yake na kile kitambaa. Alitamani, na baadaye hakuficha kwamba alitamani mno, hata jina la mji wake likamfika mdomoni.

"Bwana Amiri," akasema, "ulimi huu nimeazimwa. Nikianza na yangu, nimeuiba." Akaitaja miji mitatu, mmoja mmoja, akauombea kila mmoja siku saba.

"Na wa nne?" akauliza Rafii.

"Wa nne sikuusikia," akajibu Amiri, akaandika hati ya siku saba kwa kila mji katika ile mitatu. Sarha haikuwamo.

Njiani Rafii aliikabidhi hati kwa wazee wa miji ile, akawaeleza yaliyotokea bila kuongeza neno wala kulalamika, akaenda zake kwao.

Sarha hawakumpiga, ila hakuna aliyemwamkia. Mkewe Rayhana, mwanamke mpole siku zote, alishindwa kujizuia. "Baba Ghalib, ulikuwa na mdomo. Hata watoto wako ulishindwa kuwataja?"

"Nimewataja kwa Mola wangu."

"Kwa Mola hata mimi ninawataja. Wewe tulikutuma kwa Amiri."

Maneno yale yalimuuma Rafii kwa sababu alikuwa akimpenda mkewe.

Kesho yake akaja mpanda farasi wa Amiri na maneno matamu: tumeni mtu wenu wenyewe, zile siku kumi bado zipo. Vijana wakaanza kutandika ngamia. Rafii akasimama mbele yao. "Nipeni siku tatu," akasema. "Tukituma mtu wetu leo, mwakani tutarudi kulaani majirani." Wakampa, zaidi kwa heshima ya mama yake kuliko yake.

Siku ya tatu asubuhi yule mama alikuwa ameketi mlangoni. "Rafii," akasema, "maji yanakuja." Rafii akadhani ni uzee. Mara na yeye akayasikia.

Lango lilifunguliwa alfajiri kwa ajili ya mji wa kwanza, na mji wa kwanza ulikuwa umeziba mchepuo wake, pale maji yanapoingilia mjini, kwa mawe na udongo ili maji yapite hadi Sarha. Wa pili ukaziba, na wa tatu ukaziba. Mzee wa mji wa kwanza aliyafuata maji kwa miguu mpaka Sarha, kanzu imejaa tope hadi magotini. Akamshika Rafii mkono. "Haja yako ya nne Amiri hakuisikia," akasema. "Sisi tuliisikia."

Zile siku ishirini na moja wakazigawa tano tano kwa miji yote minne, na moja iliyobaki wakawaachia wapita njia na wanyama wao. Rayhana akachota bakuli la kwanza akampa mama mkwe wake, la pili akampa mumewe, akasimama pale pale mpaka alipolimaliza.

Basi, ndugu zangu, tukistaajabu ni vipi miji iliyojitawala ilikubali kuukabidhi usemi wake kwa mtu mmoja, tumkumbuke mtu huyu na kiu ya mama yake. Mwenyezi Mungu atujaalie kuaminika tunaposema kwa niaba ya wengine, na atujaalie majirani wanaosikia tulichonyamazia.