Zimwi na Mzambarau wa Sokoni

Wasikilizaji wangu, sijapata kujua zimwi lile lilitaka kuni za nini, maana lilikula kila kitu kibichi. Lilifika sokoni na shoka, kuukata mzambarau wa mji. Bi Mwanashali, aliyeumwagilia maji tangu mche, akaukumbatia.

“Toka, kikongwe, nisikukate nao!”

“Sitoki! Sheria yetu, anayetaka kuukata kwanza asimame juani, awape watu kivuli mpaka magharibi. Au huwezi?”

“Mimi nishindwe na mti?”

Likasimama. Asubuhi lilijigamba, adhuhuri likatweta, alasiri likaketi.

“Mzambarau haujaketi hata siku moja, bwana wee!”

Mji ukaamua mpini wa shoka uvunjwe. Aliyeuvunja, kwa goti lake mwenyewe, ni Bi Mwanashali.