Jinsi Bakteria Alivyojifunza Kula Bila Kinywa

Sogeeni, mkae vizuri. Hapo kale, milima ya Upare ilipokuwa bado na watu wachache, kitu kilichokufa hakikuoza. Jani lililoanguka lilibaki jani, gogo likabaki gogo, mpaka takataka zikafunika mashamba na udongo ukaishiwa nguvu.

Nakijwa alilima migomba. Kila mwaka ilizidi kudhoofu, naye akazidi kumhofia babake, mzee kibogoyo aliyemtegemea kwa kila tonge. Asubuhi moja, akitafuta njia katikati ya majani makavu, alisikia sauti nyembamba miguuni pake.

"Mama, nakufa njaa."

Alikuwa Bakteria, mdogo kuliko chembe ya vumbi. Alimweleza kwamba siku Muumba alipogawa vinywa, yeye alifika wa mwisho akakuta vimekwisha. Akapewa tone la maji makali tu, liitwalo kimeng'enya, bila kuambiwa ni la nini. Akalificha mwilini, lisimfae kitu.

Nakijwa hakumcheka. "Baba yangu hana jino hata moja," alisema, "lakini halali njaa. Namlainishia ndizi chunguni mpaka ziwe uji, naye anakunywa. Nawe yatoe nje hayo maji yako, yakulainishie chakula hukohuko kilipo."

Bakteria alisita. Hakuwa na mali nyingine. "Na yakiniisha, mama?"

"Usimwage ovyo. Mimi sibandiki chungu kama sina ndizi. Ukigusa chakula, ndipo utoe."

Bakteria akajikaza, akalitoa lile tone juu ya jani. Jani likalegea, likawa ute, naye akaufyonza kwa ngozi yake. Aliposhiba akakua, akajigawa wakawa wawili, na kila mmoja akatengeneza kimeng'enya chake. Wakala, wakaongezeka, na kadiri walivyoongezeka ndivyo walivyozidi kukimwaga. Mvua zilipokatika, Nakijwa alikuta udongo mweusi, laini, mahali palipokuwa na lundo. Msimu uliofuata alibeba mikungu hadi mgongo ukamwuma, na babake akanenepa mashavu.

Na tangu siku hiyo Bakteria hutoa kimeng'enya nje ya mwili wake, kikamlainishia chakula, ndipo anakila. Ndiyo sababu majani huoza na shamba likapata rutuba. Asubuhi ya baridi, ingiza mkono katika lundo la majani mabichi yaliyorundikwa siku kadhaa. Utahisi joto. Ni wao, wanakula.