Mada ya Mpima Ardhi

Ndugu zangu, kaeni vizuri, na nyie wa nyuma sogeeni mbele, nafasi zipo. Asubuhi hii nawapeleka mahali panapouzwa bia. Naam, bia. Msitazamane. Wengine wenu mnapajua mahali pa namna hiyo kuliko mimi, na leo sina ugomvi na glasi ya mtu. Kilichoniliza wakati naandaa mfano huu hakikuwa ndani ya glasi.

Palikuwa na mama mmoja, katika mji fulani wa milimani wenye baridi, aliyekuwa akipika bia yake mwenyewe nyuma ya nyumba. Si pombe ya kwenye ndoo, wala si zile bia za makreti zinazoshushwa na lori. Hii aliipika kidogo kidogo, nyingine ya mtama, nyingine ya asali, akaitia kwenye chupa mwenyewe, na wateja wake waliinywa taratibu wakiwa wamekaa bustanini. Ukifika pale na haraka ya kulewa, mama alikuelekeza baa ya jirani.

Hapo ndipo walipokutana marafiki wanne kila Alhamisi jioni wakitoka kazini. Mmoja wakili, mmoja mwalimu wa historia, mmoja daktari wa mifugo, na wa nne mpima ardhi. Walikuwa wamelala bweni moja shuleni. Hawakukutana kusengenya watu, na mpira hawakuugusa. Walizungumza mambo makubwa: mila zetu zinaelekea wapi, sayansi inatupeleka wapi, na siasa inatuzungusha wapi. Hebu niambieni, kuna ubaya gani hapo? Mimi natamani vijana wetu wangezungumza hivyo.

Ila meza ile ilikuwa na desturi zake. Kila Alhamisi mmoja wao alileta mada, na hakuileta kama mhadhara. Alijifanya mtu mwenye jambo hilo. Mwalimu akitaka mjadala wa mahari, alianza hivi: "Mimi ni baba wa mabinti watano." Na wote walijua hana hata mmoja. Daktari wa mifugo siku moja alikuwa mbunge, wakacheka mpaka mama akatoka jikoni kuona kulikoni. Baada ya hapo vizibo vya chupa vilitiwa kwenye kofia ya mwalimu, kimoja kimekwaruzwa kwa msumari, na aliyekitoa hicho ndiye mpingaji. Apende asipende, lazima apinge, tena kwa nguvu zake zote. Na sheria kubwa kuliko zote ilikuwa hii: mtu haulizwi kama anayoyasema ni yake kweli. Kuuliza hivyo kulihesabiwa ushamba.

Wakili aliipenda sana desturi hiyo. Mahakamani alibanwa na taratibu, lakini pale mezani ulimi wake ulikuwa huru, na alijijua kwamba anaweza kuutetea upande wowote ukasimama. Nitakaa karibu na huyu wakili katika habari yangu, kwa sababu ndiye aliyebaki na mzigo.

Sasa nawaambia nyinyi jambo ambalo wakili hakulijua. Yule mpima ardhi alikuwa anakufa. Figo zake zote mbili zilikuwa zinakwisha, na madaktari walimwambia atafute mtu wa kumpa moja. Dada yake alipimwa, akakutwa na kisukari. Kaka yake, damu zikakataana. Akabaki na rafiki yake wakili, ambaye kundi lao la damu lilikuwa moja. Walilijua tangu walipochangia damu pamoja wakiwa wanafunzi. Akamfuata ofisini. Akaketi, akasalimia, akazungumzia mvua, akaaga. Mtu anaanzaje, ndugu zangu? Unamwambiaje mwenzako kwamba naomba kipande cha mwili wako? Sisi hapa hata lifti ya kurudi nyumbani tunaona haya kuiomba.

Akaona heri alilete jambo lake mezani kama mada. Ausikie kwanza moyo wa rafiki yake, kisha amvute pembeni. Hakuwa mjinga. Aibu ilikuwa imemkaba.

Basi Alhamisi ya zamu yake ilipofika, alifika mapema. Aliagiza ya asali, akaishika tu. Uso ulikuwa umemvimba, na viatu alikuwa amelegeza kamba.

Daktari wa mifugo akamtania, "Naona unanenepa, bwana. Shemeji anakulisha nini?"

"Na glasi haishuki," mwalimu akadakia. "Isije ikawa umeokoka ukatuficha!"

Wakacheka, naye akacheka nao. Yule daktari, ndugu zangu, angemwona ng'ombe wa watu amevimba vile angevuka barabara kwenda kumwuliza mwenyewe. Rafiki yake yuko mbele yake, anamtania kitambi.

Mpima ardhi akaanza. "Mimi ni mgonjwa," akasema. "Figo zangu zimekwisha. Nina mke, nina watoto, mdogo wao ndiyo kwanza anang'oka meno ya utoto. Ninaye rafiki niliyekua naye, na figo yake moja ingeniponya. Nimwombe? Na nikimwomba, yeye ana wajibu gani kwangu?"

Sauti ilimtetemeka. Mwalimu akapiga meza kwa furaha. "Leo umekuwa mgonjwa hasa! Hebu leteni kofia."

Vizibo vikazungushwa. Kile kilichokwaruzwa kikamwangukia wakili.

Mjadala ukanoga. Daktari alieleza kisayansi kwamba mtu huishi vizuri na figo moja, hiyo iliyobaki inabeba kazi ya mwenzake. Mwalimu akaleta mila, akasema zamani watu wawili wasio wa tumbo moja walichanjana, wakaonjana damu, na kuanzia siku hiyo kumnyima mwenzio ilikuwa laana. Wakaingia kwenye siasa, nani katika nchi hii anatibiwa na nani anaambiwa asubiri. Yote mazuri, yote ya maana. Na muda wote huo mpima ardhi hakumtazama mwalimu wala daktari. Alimtazama wakili.

Wakili akasimama. Moyoni mwake, ndugu zangu, alikuwa upande wa mgonjwa. Kama mngempasua kifua mngekuta neno moja tu: ningempa. Lakini kizibo kilikuwa mkononi, na kupinga kinyonge kungekuwa kuwavunjia wenzake heshima. Akakohoa, akaanza.

"Huyu mgonjwa namhurumia, lakini namkatalia," akasema. "Kila mali niliyo nayo inaweza kutwaliwa: nyumba na benki, shamba na serikali. Mwili huu ndio pekee nilioachiwa. Leo nimpe rafiki figo, kesho yangu iliyobaki ikifa, watoto wangu wamdai nani baba? Na kuna jambo baya zaidi. Anayeniomba kiungo changu hanipi nafasi ya kukataa, maana nikikataa nimekuwa muuaji. Huko ni kunitia kamba shingoni kwa jina la urafiki. Mimi nasema mgonjwa mwenye heshima haombi. Anayameza yake, anamwachia Mungu."

Daktari wa mifugo alipiga makofi. Mwalimu alitikisa kichwa akasema hajawahi kusikia hoja imefungwa namna ile, na wote wawili wakakubali kwamba mpingaji ameshinda. Wakili alikaa, kifua kimejaa, akamgeukia mwenye mada.

"Vipi, mgonjwa wetu? Unakata rufaa?"

"Hapana," akasema mpima ardhi. "Umeniweza, wakili."

Akampa mkono, akaushika kwa muda. Wakili akadhani ni ile bia ya asali imempanda kichwani. Glasi ya mwenzake ilikuwa bado imejaa.

Tangu hapo mpima ardhi hakuonekana tena mezani. Walisema yuko porini anapima mashamba, kazi zake ndizo hizo. Walimtumia picha za chupa mpya, wakamwandikia kwamba anakosa mambo, naye alijibu kwa vikatuni vya kucheka. Miezi ikapita. Hakuna aliyekwenda kugonga mlango wake. Kwa nini waende? Mtu anayejibu kwa kucheka ana tatizo gani?

Siku moja mke wake alimpigia wakili simu, akamwambia mumewe amelazwa, na kama anataka kumwona aende leo.

Wakili alikwenda mchana uleule, akiwa bado na suti ya mahakamani. Alimkuta rafiki yake amesinyaa kitandani, ngozi imepauka, mrija wa kusafishia damu umebandikwa shingoni. Shemeji yake akamweleza kwa kifupi, tangu lini na ni nini, kisha akatoka nje ya wodi kwa sababu hakuweza kuendelea. Wakili akashika chuma cha kitanda. Alhamisi ile yote ikamrudia, neno kwa neno.

"Ilikuwa kweli," akasema.

"Ilikuwa kweli."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia."

Wakili akapiga magoti pale sakafuni na suti yake. "Chukua yangu. Damu yetu moja. Namwita daktari sasa hivi, wanipime leo hii. Ndugu yangu, ningekupa tangu siku ile. Naapa ningekupa!"

"Najua," mpima ardhi akasema. "Nimelijua hilo nikiwa nimeshalala hapa. Lakini moyo wangu umechoka, wamesema hautaweza kutoka chumba cha upasuaji. Miezi ile moyo ungeweza."

"Nilikuwa napinga tu! Kizibo kilinitaka nipinge. Yale yalikuwa mazungumzo!"

Mgonjwa akamtazama bila hasira, na hilo ndilo lililomvunja wakili kuliko kama angemtukana.

"Wewe ulikuwa unazungumza," akamwambia. "Mimi nilikuwa naomba."

Walimzika kabla ya mvua za masika.

Sasa mniambie, nani alimwua? Naona mama mmoja pale ananijibu kwa midomo: bia. La, mama. Ingekuwa bia ningelala usingizi, maana wengi wetu hapa hatunywi. Figo zake zilikufa zenyewe, hilo ni kweli, lakini uhai wake ulikuwa mwilini mwa rafiki yake, na rafiki alikuwa tayari kuutoa. Kilichokosekana ni mtu mmoja mezani kukubali kuonekana mshamba na kuuliza.

Na sisi je? Sisi tuna meza zetu. Jumuiya zetu, vikao vya harusi, makundi yetu ya kwenye simu, na hata ofisi yangu pale nyuma ya madhabahu. Dada anasema kwenye maombi, "Kuna mwenzangu mmoja, mume wake anampiga, anatakiwa kuvumilia?" Nasi tunaanza. Huyu analeta mila, yule analeta haki za binadamu, mzee mmoja anasema wanawake wa leo wana midomo. Tunabishana vizuri, tunafunga kwa sala, tunakunywa chai. Na dada anarudi nyumbani kwa huyo mume, akiwa ameshika jibu letu mkononi. Kijana anauliza baada ya ibada, "Hivi mtu akijiua, Mungu anamsamehe?" Nasi tunafungua vitabu! Tunamjibu kwa aya na sura! Ndugu zangu, yule kijana hakuwa na swali la vitabu.

Tunajivunia kwamba sisi ni watu wa kusema ukweli. Wakili yule hata ukweli hakuusema. Alisema asichokiamini, kwa ufundi, mbele ya mtu aliyekuwa amebakiwa na rafiki mmoja tu wa kumwomba. Ni mara ngapi sisi tumesema jambo kali ili tucheke, ili tushinde, ili watu waseme fulani ana maneno, na mtu mmoja pale kimya akalichukua kuwa hukumu yake? Mnajua ni nani? Mimi sijui. Wala wakili hakujua. Ndiyo maana naogopa.

Na wewe uliyekuja leo na jambo lako umelifunga kwenye nguo za mtu mwingine, nakusihi kwa machozi, lifungue. Usiliite "rafiki yangu mmoja". Usiliite mada. Sema ni mimi. Watu hawa unaowaona wana upungufu mwingi, na masikio yao mazito, lakini wengine wao wangekupa hata figo.

Kwaya, msianze kwanza. Keyboard ikae kimya. Nataka kila mmoja amkumbuke mtu wa mwisho aliyemwuliza swali la ajabu kidogo, swali alilolijibu haraka na kuendelea na yake. Umemkumbuka? Kama yumo humu, inuka umfuate sasa hivi, nitasubiri. Kama hayumo, toka nje na simu yako, sitakuhesabu kuwa umetoroka ibada. Ukimpata usimweleze lolote. Mwulize tu: lile uliloniuliza siku ile, lilikuwa lako?

Kisha unyamaze, mpaka akujibu.