Mpishi wa Mzee Ligombi

Mzee Ligombi, tajiri wa mashine za kukoboa mpunga pale Ifakara, alikuwa amemchoka Sikuzani, mwanamke aliyejenga naye nyumba tangu ujana. Aliposikia kwamba akimwacha sheria itamtaka agawane naye nyumba hiyo, alikwenda mahakamani kuapa kwamba hakuwahi kuoa.

“Mheshimiwa, huyu ni mpishi wangu tu,” alisema. “Aondoke kwangu.”

Alitegemea Sikuzani aangue kilio. Badala yake, Sikuzani alitabasamu.

“Anasema kweli, mheshimiwa. Mimi sina mume. Naomba mahakama itamke hivyo sasa hivi, maana mchumba wangu yule pale ana haraka.”

Kwenye benchi la nyuma pande la mtu likainuka, likampungia Sikuzani mkono na kucheka hadi magego yakaonekana.

Mzee Ligombi aligeuka ghafla kumtazama. “Mchumba? Tangu lini?”

“Inakuhusu nini, bosi? Mpishi haolewi?”

“Haolewi! Mke wangu wa miaka yote hii, mji mzima unajua, aolewe mimi nikiwa hai?”

Hakimu alikuwa akiandika. “Ahsante, mzee. Mmeishi pamoja miaka yote hiyo na mji mzima unajua, basi sheria inamtambua kuwa mkeo. Ukitaka talaka, nyumba mtagawana.”

Karani akaita kesi iliyofuata, ya wizi wa mbuzi. Lile pande la mtu likaenda kizimbani, na lilipompita Sikuzani likamnong’oneza, “Samahani dada, hivi unaitwa nani?”