Chewa wa Shimo la Kaskazini

Sogeeni karibu. Kazi yangu ni kusimulia tu. Kuhukumu nawaachia nyinyi, maana mimi mwenyewe kumenishinda.

Palikuwa na kijiji huko Pemba, upande ambao bahari inadidimia ghafla si mbali na pwani. Chini kabisa mlikuwa na mashimo mawili, la Kaskazini na la Kusini, na yote mawili yalikuwa makao ya chewa wa kilindini. Ni samaki mzito, mtamu, na mzito wa kukua pia: miaka inapita mingi kabla hajazaa. Kijiji kizima kilimtegemea yeye.

Shaame alijaliwa mkono. Akishusha mshipi, kidole gumba kilimwambia chambo kimefika wapi na nani anakidonoa.

Mize, dada yake, alijaliwa kisu. Hakuna diko, pale samaki wanaposhushwa pwani, lililomwona mtu akipasua samaki upesi kama yeye bila kuharibu hata kipande.

Dokta Thuwaiba, mgeni kutoka mjini, alijaliwa kusoma kisichoonekana. Mpe kipande cha pezi kidogo kama ukucha, naye atakisoma vinasaba na kukwambia samaki huyo ni wa ukoo gani.

Thuwaiba alikuja na swali moja. Je, chewa wa mashimo haya mawili ni ukoo mmoja unaochanganyika, au ni koo mbili zisizojuana? Kama ni mmoja, shimo moja likivuliwa sana, wa shimo la pili watakuja kulijaza. Kama ni mbili, litakaloisha limeisha. Basi Shaame akawa analeta samaki na kutaja shimo alikowavua, Mize anakata mapezi na kuyatia kwenye chupa za spiriti, kila chupa na jina la shimo lake, na Thuwaiba anasoma.

Lakini kijijini hapo mvuvi hataji mahali pake pa kuvulia. Akiulizwa anataja kwingine, na hakuna anayemwita mwongo. Ni adabu ya bahari, kila mtu anaijua. Shaame alipoulizwa na Thuwaiba alijibu kama alivyozoea, leo Kaskazini, kesho Kusini, kadiri ulimi ulivyomtuma. Hakuona kosa lolote.

Mize aliliona. Nyumbani, wakila, kaka yake alimwambia ukweli, na asubuhi yake diko lilisikia mengine. Angeweza kumvuta Thuwaiba pembeni. Lakini kumwumbua kaka yake mbele ya mgeni, mwanamke msomi tena, aliona ni fedheha, akafunga chupa na kunyamaza.

Na Thuwaiba? Chupa za Kaskazini na za Kusini zilimwonyesha koo zilezile mbili, zimechanganyika. Akasema ni jamaa moja. Hata hivyo kitu kilimkera: kila samaki alikuwa wa ukoo huu mtupu au ule mtupu, hakupata hata mmoja aliyezaliwa na pande zote mbili. Kama wanaishi pamoja, watoto wao wako wapi? Lakini mkutano wa wakubwa wa kuamua shimo lipi livuliwe ulikuwa umekaribia, na jibu lilikuwa linasubiriwa. Swali lile akaliweka kando.

Ikaamuliwa Kaskazini ivuliwe, Kusini ipumzike. Watu walivua kwa furaha mpaka mishipi ikaanza kurudi mitupu. Wakasubiri wa Kusini waje. Hawakuja, wala hawatakuja, kwa kuwa hawakuwa jamaa zao.

Thuwaiba alirudi kutoka mjini amechanganyikiwa, akamkuta Mize dikoni, kisu mkononi na hakuna cha kupasua. Mize akamweleza yote, kisha akaenda kuyasema tena mbele ya sheha, mkuu wa kijiji, na wavuvi. Shaame naye hakukana neno, na Thuwaiba akasimama akasema lile swali aliloliweka kando. Walilia wote watatu.

Sheha alitaka Kusini ifungwe siku hiyohiyo, kabla haijaisha nayo. Wavuvi wakakataa: hawafungi kitu mpaka aliyeharibu Kaskazini aondoke dikoni, asirudi mpaka chewa wachache waliosalia huko wazaliane wajae tena. Na kwa samaki yule, hiyo ni takriban maisha ya mtu. Kuwaondoa wote watatu hakukuwezekana, maana kuitunza Kusini, yaani kuvua wachache na kuwapima, kulihitaji mkono, kisu na usomaji, na kwa shida sana wawili wangetosha.

"Bi Mize," sheha akasema, "wewe ndiye uliyetutobolea haya. Taja jina moja, nasi tutalifuata."

"Hata langu?"

"Hata lako. Lakini ukijitaja kwa huruma tu, utakuwa umenyamazia ukweli mara ya pili."

Mize akamtazama kaka yake, ambaye hakujua kazi nyingine duniani. Akamtazama Thuwaiba, ambaye bila yeye hakuna atakayejua kama Kusini inapona. Akaitazama mikono yake mwenyewe, iliyozifunga zile chupa. Angesema kweli mmoja tu kati yao, chewa wa Kaskazini wangekuwa tele mpaka leo.

Yuko aliyedanganya, akidhani ni adabu. Yuko aliyejua, akanyamaza. Yuko aliyeshuku, akaharakisha. Watu wanamngoja Mize aseme, na Kusini bado haijafungwa. Haya, wenzangu mliosikia: lau mngekuwa nyinyi ndio Mize, mngelitaja jina la nani?