Gunzi Chini ya Kihenge

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipokuwa wakisonga ugali na kufagia nyua zao kama sisi, palikuwa na kijiji chini ya kilima cha mawe. Katikati ya kijiji kilisimama kihenge cha Bi Tembo. Mnakijua kihenge? Ni ghala la nafaka. Limesukwa kwa fito, limekandikwa udongo, limeinuliwa juu ya magogo ili mchwa wasipande. Ndani yake mlikuwa na mtama wa kijiji kizima.

Kila alipofunga mfuniko wa juu, Bi Tembo aliupaka udongo mbichi pande zote, kisha akagandamiza hapo ncha ya mkonga wake. Pu! Udongo ukikauka, inabaki alama yenye matundu mawili. Nani mwingine ana pua ya namna hiyo? Basi kila mtu alijua: alama ikiwa nzima, hakuna aliyefungua.

Lakini mwaka huo alama ilikuwa nzima, na mtama ulikuwa unapungua.

Walinzi watatu walifukuzwa. Mtama ukazidi kupungua. Kijiji kikaingia wasiwasi. Majirani wakaacha kupeana moto wa kuwashia. Mtu akipita na kikapu, macho yote yanaingia kikapuni. Ukipika ukakoleza, utasikia nje ya ukuta, "Mmh! Huyu kautoa wapi mtama huu?"

Ndipo Bi Tembo akatangaza: anatafuta mlinzi mpya. Malipo ni kibaba cha mtama kila siku, na chumba kikavu cha kulala, ubavuni mwa jiko lake.

Chumba kikavu! Bi Pimbi alipoyasikia maneno hayo, moyo ulimruka. Mnamjua pimbi, yule mnyama mdogo wa mawe, mnene kama mto wa kulalia, asiye na mkia? Bi Pimbi alikuwa na watoto wawili, Kibibi na Shomari. Pango lao lilikuwa limeporomoka, na mawingu ya masika yalikwisha kutanda.

"Mama, leo tutalala wapi?" Kibibi aliuliza.

"Twende tukaombe kazi kwanza," alisema Bi Pimbi. "Kulala kutakuja."

Lo! Kufika uwanjani kwa Bi Tembo, akakuta foleni inayozunguka ua mara mbili. Kifaru yupo. Nyati yupo. Kiboko yupo, anahema fuu, fuu. Kima wapo, ngedere wapo. Na wote wanatazamana kwa pembe ya jicho, kwa sababu kila mmoja alimdhania mwenzake kuwa ndiye mwizi.

Bwana Nyani, msimamizi wa uwanja, alikuwa akiipanga foleni kwa fimbo.

"Wewe nawe umefuata nini?" alimuuliza Bi Pimbi.

"Kazi, Bwana Msimamizi."

"Kazi ya ulinzi? Ha! Mwizi akija utamfanya nini? Utamng'ata kidole gumba cha mguu?"

Foleni nzima ikacheka. Kwa, kwa, kwa!

"Nenda kule nyuma kabisa," alisema Nyani. "Na hao watoto wasikanyage nilipofagia."

Bi Pimbi akawavuta watoto wake karibu. Akaenda nyuma kabisa, ambako hapakuwa na kivuli hata cha kumtosha nzi. Wa mwisho mbele yake alikuwa Punda.

Punda aligeuka, akawatazama wale watoto wakifumba macho kwa jua. Alisogeza miguu yake kidogo, hivi, kivuli cha tumbo lake kikawaangukia.

"Ahsante, kaka," alisema Bi Pimbi.

"Jua halina adabu, Mama Kibibi," alijibu Punda. "Waache wakae hapo. Mimi sisikii joto." Nalo jasho lilikuwa linamchuruzika.

Huyo alikuwa mshindani wake, wanangu. Kazi ni moja, na alikuwa mbele yake. Bi Pimbi aliuweka wema ule moyoni.

Foleni ikasogea polepole. Bi Pimbi akatega masikio.

"Mimi nina nguvu na ni mwaminifu," alinguruma Nyati.

"Mimi nina nguvu, tena ni mwaminifu," alisema Kiboko.

"Nguvu ninazo, uaminifu ninao," alisema Kifaru.

Bi Tembo alikuwa amekaa kibarazani, kope zinamwangukia. Maneno ni yale yale tangu asubuhi. Nyani akainama sikioni mwake, lakini sauti yake ilifika mbali.

"Mchukue Kifaru, Bi Mkubwa. Umwone pembe ile!"

Bi Pimbi akashtuka. Kifaru? Kifaru aliyewahi kuamkia kichuguu "Shikamoo, mjomba," akadhani ni mjomba wake? Kwa nini msimamizi anataka mlinzi asiyeona?

"Kaka Punda," alinong'ona, "nishikie watoto. Narudi sasa hivi."

Akazunguka nyuma ya kihenge. Wakubwa wote walikuwa wakitazama juu, kwenye alama ya mkonga, kama walivyofanya siku zote. Bi Pimbi hakuweza kuiona alama hiyo hata angeruka. Yeye alitazama kule ambako kimo chake kilifika. Chini.

Akaona siafu wamepanga mstari, kila mmoja na punje ya mtama. Akaufuata ule mstari, akapita uvunguni, kati ya magogo. Akatazama juu. Pale kwenye sakafu ya kihenge, mtu alikuwa amechomeka gunzi la hindi na kulipaka udongo.

Akalivuta. Chururururu! Mtama ukamwagikia kifuani! Akakinga kibuyu chake cha maji, ambacho kilikuwa kitupu, kikajaa. Akalirudisha gunzi haraka, kisha akalipapasa. Lilikuwa limelainika kama mpini wa jembe la bibi. Limeshikwa mara nyingi, na aliyelishika ana vidole. Basi si Nyati, wala Kiboko, wala Kifaru.

Lakini wenye vidole pale uwanjani walikuwa wengi. Akimtaja mtu bila ushahidi, nani atamsadiki mtu wa mwisho kwenye foleni?

Akasimama hapo akifikiri. Halafu macho yake yakaanguka kwenye ua wa jikoni. Juu yake ulikuwa umetambaa upupu, na maganda yake yenye manyoya yaling'aa juani.

Mnaucheka upupu? Basi hamjawahi kuugusa!

Bi Pimbi alikata jani la mgomba, akauchuma upupu kwa jani hilo bila kuugusa, akalipaka gunzi lote manyoya yake. Kisha akarudi kwenye foleni, ametulia kama maji ya mtungini.

Zamu ya Punda ikafika. "Mimi nguvu zangu ni za kubebea mizigo tu," alisema, "ila nikipiga kelele nasikika hadi ng'ambo ya mto." Nyani akamfukuza kwa mkono. "Pita, pita!"

Ikafika zamu ya Bi Pimbi.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba," alisema Bi Tembo huku akipiga miayo. "Haya, niambie una nguvu na u mwaminifu, twende tukapumzike."

"Sina nguvu, Bi Mkubwa. Na leo nimeiba mtama wako."

Miayo ikakatika katikati.

"Umesemaje?"

Bi Pimbi akakiinamisha kibuyu. Chururu! Mtama mwekundu ukaanguka miguuni mwa Bi Tembo. "Huu hapa. Nimeuiba mchana huu huu, uwanjani wamejaa walinzi waaminifu, na alama yako ni nzima. Naurudisha wote."

Uwanja ukalipuka!

"Mwizi!" alinguruma Nyati. "Umepitia wapi?"

"Ndiyo, umepitia wapi?" alisema Kiboko.

"Amepitia wapi? Na yuko wapi mwenyewe?" aliuliza Kifaru, akikitazama kibuyu.

"Mfungeni kamba!" Bwana Nyani alipiga kelele kuliko wote. "Ndiye mwizi wetu huyu! Afukuzwe kijijini na watoto wake, leo hii, kabla mvua haijanyesha!"

Bi Pimbi aligeuka. Aliwaona Kibibi na Shomari wakijificha nyuma ya mguu wa Punda. Akajiuliza kama hakukosea. Lakini sikio lake lilikuwa limenasa jambo. Kila mtu aliuliza amepitia wapi. Nyani hakuuliza.

Mkonga wa Bi Tembo ukashuka taratibu, ukasimama mbele ya pua ya Bi Pimbi.

"Miaka yote nimeajiri walinzi," alisema, "sijaona mtu anayeomba kazi kwa kujishtaki. Ama wewe ni mjinga, ama una jambo. Umepitia wapi?"

"Nitakuonyesha, Bi Mkubwa. Ila wageni wako wamesimama tangu asubuhi na njaa. Wapatie uji kwanza. Wakishakunywa, tutakwenda wote kukikagua kihenge, juu na chini."

"Na chini?" aliuliza Bi Tembo.

"Na chini."

Bi Tembo akaurudisha mkonga wake. "Sawa. Lakini nisipokiona ulichoahidi, utakwenda zako na wanao, na usigeuke nyuma."

Uji ukaletwa. Bi Pimbi hakunywa. Aliwapa watoto wake, kisha akakaa akihesabu vichwa kwa macho.

Kima mmoja akainuka. Moyo wa Bi Pimbi ukafanya pa! Lakini kima alikwenda mtungini, akachota maji, akarudi.

Ngedere akainuka. Alikwenda kumfuta mwanawe kamasi.

Kisha Bwana Nyani akapiga miayo, akajinyoosha, akasema, "Naenda kuangalia kuni jikoni." Akaenda. Akarudi. Akakaa. Akashika bakuli lake la uji kama mtu asiye na neno.

Bi Pimbi akangoja. Hakuna kitu. Akangoja tena. Nyani anakunywa uji, fyuu. Mawingu yananguruma kilimani. Je, upupu ule ulikuwa mkuukuu? Je, alikwenda kuangalia kuni kweli? Je, amemdhania mtu vibaya, yeye mwenyewe anayechukia kudhaniwa?

Kwaru.

Bi Pimbi akageuza sikio.

Kwaru, kwaru.

Nyani ameweka bakuli chini. Kwaru, kwaru, kwaru! Anasugua mkono kwenye goti, anasugua kwenye nguzo, anasugua kwenye mgongo wa Kiboko!

"Wewe!" alifoka Kiboko. "Mimi nimekuwa jiwe la kusugulia?"

"Una nini, Msimamizi?" aliuliza Bi Tembo.

"Si... aii!... si kitu, Bi Mkubwa. Sisi nyani, uish!, si mnatujua? Tunajikuna siku zote! Kuna nyani asiyejikuna?"

Wengine wakatikisa vichwa. Kweli, nyani hujikuna.

Bi Pimbi akasimama juu ya kinu ili aonekane.

"Ni kweli," alisema kwa sauti yake ndogo. "Nyani hujikuna mbavu. Hujikuna kichwa. Hujikuna hata pale anapokalia. Lakini jamani, nani amewahi kumwona nyani akijikuna viganja?"

Macho yote yakaangukia viganja vya Nyani. Vilikuwa vimevimba, vyekundu kama nyanya.

"Bi Mkubwa," alisema Bi Pimbi, "twende tukatazame chini."

Wakaenda wote. Bi Tembo akapiga magoti, jambo ambalo si dogo kwa tembo, akachungulia uvunguni. Gunzi lilikuwa limetupwa pembeni, limejaa manyoya ya upupu. Mahali pake palikuwa pamezibwa kwa udongo mbichi, mbio mbio, na juu ya udongo ule palikuwa na alama ya kiganja, vidole vitano vimekaa wazi.

Bi Tembo aliitazama alama yake iliyo juu. Akaitazama ile ya chini.

"Kumbe kihenge changu kina mihuri miwili," alisema.

Nyani hakungoja kuulizwa. Alianguka chini akilia, kwa aibu na kwa muwasho. "Nisamehe, Bi Mkubwa! Nilianza kwa kibaba kimoja tu! Aii, mikono yangu!"

"Akanyagwe!" alisema Nyati.

Bi Pimbi alikuwa amekwisha kukimbilia jikoni. Alirudi na jivu, akamsugua Nyani viganja, polepole, kama anavyomfanyia Shomari akiumwa na siafu. "Tulia. Usijikune, utazidisha."

"Umenitega wewe, na sasa unaniuguza?" Nyani aliuliza huku machozi yakimtoka.

"Nilimtega mwizi. Mikono hii ni ya mgonjwa."

Tangu siku hiyo Nyani alivuliwa usimamizi, akapewa kazi ya kukikandika kihenge upya, chini kwanza.

Bi Tembo akamgeukia Bi Pimbi. "Foleni nzima imeniambia ina nguvu na uaminifu. Kesho sitakumbuka nani alisema nini. Wewe nitakukumbuka. Kazi ni yako, na chumba."

Bi Pimbi hakuruka kwa furaha. Alijikuna pua. "Ahsante, Bi Mkubwa. Lakini sauti yangu ni ndogo. Nikimwona mwizi, nani atanisikia? Nahitaji mwenzangu anayesikika hadi ng'ambo ya mto."

Punda akainua masikio.

"Chumba kinatosha?" aliuliza Bi Tembo.

"Mchana kutwa watoto wangu wametoshea chini ya tumbo lake," alisema Bi Pimbi. "Tutaenea."

Jioni ile mvua ilipoanza kupiga, pata, pata, pata, Kibibi na Shomari walikuwa wamelala pakavu, wanakoroma. Na kijijini, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, jirani alibisha kwa jirani akaomba moto wa kuwashia, akapewa.

Hapo ndipo nilipowaacha, wanangu, nikaja kuwasimulia nyinyi kabla uji haujapoa: anayetafuta kazi asijisifu tu jinsi alivyo, bali aonyeshe alichokiona ambacho wengine wamekipita.